Niliyemkamata Muthangari

Cheka ukitaka, lakini siku hiyo nilikuwa ndani ya sare, sijaonja tone la pombe, na ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, watu wakienda kazini.

Miaka hiyo nilikuwa polisi wa trafiki. Simu za mkononi zilikuwa zimeshuka bei, na kila kijana aliyesambaza mikate kwa baiskeli huko Kileleshwa alikuwa nayo: mkono mmoja kwenye usukani, mwingine unabofya. Tuliambiwa tuwakamate. Mimi niliwakamata bila huruma, sikufichi.

Asubuhi hiyo kulikuwa na manyunyu. Pale kwenye mteremko wa Muthangari nikaona mmoja akishuka kwa kasi, kreti ya mikate nyuma, macho kwenye simu. Nikaruka barabarani nikashika usukani. Chuma kilikuwa baridi, baridi ya kuuma hadi mfupani. Na niamini, mimi nilikuwa nimelowa chapachapa, lakini fulana yake ilikuwa kavu kabisa.

"Unataka kufa?" nikamfokea. "Jina?"

"Mutua, afande." Akatabasamu kwa aibu. "Niandike tu, makosa ni yangu. Lakini nisaidie na kitu moja. Mathe anasuka watu nywele Kenyatta Market. Mwambie si simu yake. Yake nilikata. Nilikuwa naandikia dem."

Nikabana gurudumu la mbele kwa magoti ili asinitoroke, nikainama kuandika jina. Ghafla magoti yangu yakagongana. Kuinua macho, hakuna kijana, hakuna baiskeli, hakuna mkate.

Sajini wetu alisoma lile jina kwenye daftari langu, akaketi palepale kwenye ukingo wa barabara. Alisema yeye ndiye aliyeuokota mwili wa Mutua mahali hapo mwezi uliotangulia, baada ya kijana kugongwa na lori. Simu ilikuwa bado mkononi.

Siku tatu sikupata usingizi. Ya nne nikavaa nguo za kiraia, nikaenda Kenyatta Market. Mama yake alikuwa ameketi tu, mikono mapajani, wateja wake wakisukwa na wengine. Wenzake walininong'oneza kwamba tangu mazishi hagusi simu. Yeye ndiye aliyempigia kijana asubuhi ile ya ajali, na aliamini amemuua mwanawe.

Ningeanzia wapi? Nilimweleza yote, jinsi yalivyokuwa.

Akainua uso. "Alikuwa anaandikia msichana?"

"Ndiyo, mama."

Akacheka, machozi yakimtiririka. "Huyo ni Wambui. Alidhani sijui." Kisha akanishika mkono. "Afande, alikuwa amevaa sweta? Asubuhi kuna baridi."

"Alikuwa nayo, mama," nikasema. Mungu anisamehe.

Nilisikia baadaye kwamba alirudi kusuka. Mimi niliendelea kuwasimamisha vijana, lakini kufoka kuliniisha. Nilikuwa namshusha mtu kwenye baiskeli, namngoja amalize simu yake, ndipo namwachilia. Wenzangu walisema nimelainika. Sasa nimestaafu, na mpaka leo sipiti Muthangari kukiwa na manyunyu.

Nawe unayeendesha huku unabofya, nakuomba: simama kando, weka mguu chini, maliza maneno yako yote. Ukiyaacha nusu, kuna mtu asiyekujua atakayelazimika kuyapeleka kwa mama yako. Mimi nimeyapeleka. Sitaki kutumwa tena.