Mtani Asiyebeba Chungu

Bibi yangu mzaa mama alipohamia kwetu Chikongola kutoka Mahurunga, alikuja na jembe, kuku wawili, na kopo la vidonge vya kupunguza makali ya Ukimwi. Jembe lilikaa nyuma ya mlango. Kuku tuliwala. Kopo alilifunga kwenye kipande cha kanga kama mtoto mchanga, na kila jioni taarifa ya habari ilipoanza redioni alimeza kidonge huku akiniita, "Mume wangu, leta maji." Mume ndiye mimi. Ndivyo bibi na mjukuu wanavyotaniana kwetu, na nimekuwa mume mbaya tangu chekechea.

Vidonge vilimpa kizunguzungu na ndoto za ajabu. Asubuhi moja alisema kaota amepanda mkorosho, mkorosho ukaanza kutembea naye kuelekea Nanyamba. Sisi tukacheka. Yeye hakucheka sana.

Mwaka huu, kidato cha tatu, tukafundishwa virusi. Mwalimu wa baiolojia akasema kirusi karibu hakina chochote cha kwake: kinaingia kwenye seli na kutumia protini za mwenyeji, kuanzia mlango wa kuingilia hadi vifaa vya kujizalisha.

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, huyo si mtani msibani!"

Darasa likavunjika mbavu. Kila aliyelelewa huku anajua: watani hufika msibani mikono mitupu, wakachinja kuku wako, wakapika kwa chungu chako, na wewe mfiwa huruhusiwi kununa.

Mwalimu naye alicheka, kisha akaniharibia raha kwa kuufikiria mzaha wangu. Akasema dawa nyingi humwandama mtani mwenyewe, naye hubadili kanzu asitambulike, hasa mgonjwa akirukaruka dozi. Kwa hiyo kuna watafiti wanaoachana na mtani, wanashughulika na vyombo vya nyumba. Wanaficha mwiko.

"Sasa wenye nyumba watasonga ugali na nini?" Safari hii sikuwa natania.

"Hapo ndipo penye kazi. Wanatafuta chombo ambacho mtani hawezi kukikosa, ila nyumba yaweza kuishi bila hicho. Kuna watu wamezaliwa bila mlango mmoja wa namna hiyo kwenye seli zao, na wanaishi vizuri tu."

Nikayabeba maneno hayo hadi nyumbani kama zawadi. Bibi alinisikiliza akimenya muhogo.

"Hiyo dawa ipo hospitali yetu?"

"Bado, bibi."

Akaendelea kumenya. Taarifa ya habari ikaanza, nikaleta maji. Hakuyapokea.

"Hivi vya kunizungusha kichwa basi. Nitangoja hiyo ya mwiko."

Mama akamsihi, akamkumbusha nesi aliyemkataza kuruka hata siku moja. Bibi alikuwa ameshaingia jikoni, maji ya ugali yanatokota. Niliona wale virusi wakipewa likizo ya kwenda kushona kanzu mpya. Nikamtangulia kwenye mwiko, ule wa zamani wenye ufa, nikaukalia.

"We mume, mwiko uko wapi?"

"Una ufa. Tungoje mpya, seremala atachonga."

"Lini?"

"Hajasema."

"Na leo tutakula nini?"

"Si tutangoja, bibi."

"Mjinga mkubwa wewe! Mwiko wenye ufa kwani hausongi?"

Halafu akasimama, unga mkononi. Alinitazama mpaka nikatamani niwe nimekalia kitu kingine.

"Nitakutaliki," bibi akasema taratibu, akanyoosha mkono. Nikampa mwiko.

"Na maji."

Nikampa maji. Akafungua kile kipande cha kanga, akameza, akakunja uso.

"Lakini hiyo dawa yao ikifika," akasema, "utakwenda kunishikia foleni tangu alfajiri. Na usiku kichwa kikinizunguka, utanishika mkono mpaka chooni."

Ugali ulitoka na madonge. Hakuna aliyenuna.