Santuri ya Rutilio

Doña Obdulia alianza kushona viraka vya bendi za roki, vyenye picha za mafuvu, kwenye majaketi ya jinzi zamani, wakati soko letu la Jumamosi lilikuwa safu moja tu ya wauza santuri karibu na stesheni ya Buenavista. Yeye mwenyewe hakuwahi kuvaa hata kimoja. Alivaa sweta ya kijivu na miwani kwenye ncha ya pua, na wanaume wenye minyororo viunoni walisimama mbele ya cherehani yake kwa adabu kama watoto waliotumwa dukani. Ukimharakisha alikwambia, "Mwanangu, fuvu halitaki papara. Ukilikimbiza, linatoka linacheka."

Mumewe, Rutilio, alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na mwimbaji wa bendi ambayo haikujulikana nje ya mtaa wao. Sauti yake ilikuwa nyembamba na kali, kama msumeno ukipita kwenye bati. Tulimwita Filimbi. Siku hizo sote tulikuwa na nywele, na mchana wa Jumamosi ulionekana hauna mwisho. Mwaka jana, mapafu yakiwa yamekwisha kuchoka, alirekodi albamu yake ya pekee. Akafa kabla ya mvua kuanza. Santuri zikabaki kwenye maboksi chini ya kitanda, na hakuna aliyekuja kuziulizia.

Basi Obdulia akaamua kupeleka moja kwa Don Hermilo.

Hermilo hubadilisha santuri kwa santuri, wala hapokei kitu kingine. Kila mwaka, Jumamosi iliyo karibu na sikukuu ya Candelaria, mwanzoni mwa Februari, huweka mashine yake ya kupigia santuri mezani, nasi husikiliza albamu za roki nzito za mwaka uliopita ambazo watu walizipita bila kugeuka. Jalada hufungwa kwa gazeti, na karatasi ya duara hubandikwa juu ya lebo, ili usikilizwe muziki na si jina. Aliyeileta hunyamaza mpaka mwisho. Akifungua mdomo, santuri yake hutolewa. Ile iliyoinuliwa mikono mingi kuliko zote hutundikwa kwenye waya juu ya kibanda cha Hermilo mwaka mzima.

Obdulia aliutaka waya ule. "Hata akipigwa jua," aliniambia, "watu watamwona wakipita."

Siku hiyo tamale, ile mikate ya unga wa mahindi iliyofungwa kwa maganda, alileta Nabor, muuza fulana mnene aliyempigia Rutilio ngoma ujanani, kwa kuwa mwezi Januari ndiye aliyemkuta mwanasesere wa mtoto mchanga ndani ya mkate wa Wafalme, na anayemkuta hununua tamale za Candelaria.

"Mimi nilikula kipande kimoja tu," alilalamika, "na mtoto yumo humo humo!"

"Kipande kimoja, au mkate mmoja?" Hermilo akamuuliza.

Santuri za kwanza zilipata mikono michache. Kisha sindano ikagusa ya Obdulia.

Muziki ulitoka mzito na wa polepole, kama lori la mawe likipanda mlima. Gitaa lilijikokota. Akaimba mtu mwenye sauti ya pangoni. Watu wakafumba macho. Nabor akaacha kutafuna.

"Mama yangu," akanong'ona. "Huyu alikuwa amezikwa wapi mwaka mzima?"

Mikono ikaanza kupanda hata wimbo haujaisha. Sikuwahi kuona mingi kiasi kile.

Nikamtazama Obdulia. Alikuwa ameinamisha kichwa, kama anavyofanya cherehani inapotafuna uzi. Kabla ya kiitikio, Rutilio alikuwa na desturi ya kuvuta pumzi kupitia meno, fyu, haraka, halafu anaruka. Pumzi ikaja. Ilikuwa ndefu mno, kama ya mtu aliyelala.

Hapo Obdulia akaelewa. Santuri ilitengenezwa kwa mwendo wa kasi, na Hermilo aliiweka kwenye ule wa polepole, kama zile zilizotangulia. Mwendo wake uliandikwa kwenye lebo, chini ya ile karatasi ya duara ambayo Obdulia mwenyewe aliikata kwa mkasi.

Angeweza kunyamaza. Waya ulikuwa wake.

"Huyo si mume wangu," akasema.

Hermilo akainua sindano. "Mama, umeongea. Sheria unaijua."

"Naijua. Itoe. Lakini kwanza ipige kwa mwendo wake. Umemfanya Rutilio atembee kama anasindikiza jeneza lake mwenyewe."

"Rutilio?" Nabor akashtuka. "Filimbi wetu?"

Hermilo akabandua karatasi, akasoma, akajipiga kofi kwenye paji la uso. Akasogeza kitufe, akarudisha sindano mwanzo.

Rutilio akatoka mbio, mwembamba, mkali, kama alivyokuwa. Mikono ikashuka. "Jamani, anatekenywa?" mtu akacheka, na wachache wakaondoka kwenda kutazama miwani ya jua. Nabor alikuwa anapiga meza kwa vidole, anajaribu kumfuata, anaachwa. "Ngoja, Filimbi! Ngoja, mjinga wewe!" alisema, kama alivyomwambia kila Jumamosi ya ujana wetu. Obdulia akacheka, kisha akaficha mdomo kwa mkono wa sweta.

Kwenye waya ikatundikwa nyingine. Ilikuwa nzuri, ila sikumbuki ya nani.

Tukiwa tunafunga vibanda, Hermilo alikuja kwenye cherehani na santuri ambayo miaka yote tuliyomjua alikataa kuibadilisha, hata kwa kreti nzima. Ilikuwa ya kwanza kuipata maishani, jalada limechakaa mpaka pembe zimekuwa nyeupe.

"Tubadilishane," akasema.

"Huruma sitaki, Hermilo."

"Ingekuwa huruma, ningekuletea tamale za Nabor. Nipe hiyo."

Obdulia aliitoa ya Hermilo kwenye jalada, akaigeuza kwenye mwanga kutafuta mikwaruzo. Hakuwa na haraka. Kisha akachukua chaki yake ya kushonea, akaandika mwendo juu ya gazeti lililofunika jalada la mumewe, kwa tarakimu kubwa, ndipo akamkabidhi Hermilo Rutilio wake.