Hesabu Yangu ya Matipa Iliwagombanisha Ndugu Wawili

Admin, jina langu lifiche, hapa Makorora tunajuana hadi vikohozi. Nina miaka sitini na tatu, nina wajukuu, lakini siku hizi nikikaa nasimama, nikisimama nakaa.

Wakati mashirika ya umma yanabinafsishwa nilikuwa karani kwenye machimbo ya mawe ya chokaa. Bosi mpya akanipa saa na daftari nipime kijiko, ile mashine ya kuchotea mawe, kinajaza tipa kwa dakika ngapi, na tipa linakwenda kumwaga na kurudi kwa dakika ngapi, ijulikane yanatosha mangapi. Yalikuwepo tisa. Nilishinda shimoni siku tatu, vumbi mpaka kwenye kope, nikaona matipa yamepanga foleni yakisubiri kijiko. Nikaandika: matano yanatosha.

Ambacho sikuandika ni kwamba kijiko kilikuwa kibovu. Meno yamelika, mafuta yanavuja, maana miaka ile ya dhiki vipuri havikupatikana. Kilichota kama mgonjwa. Nilijua, ila niliogopa kuonekana mjuaji.

Madereva wanne wakapunguzwa, mmojawapo kaka Bakari, jirani yangu, aliyeniombea kazi pale. Haukupita muda vipuri vikaja, kijiko kikapona, sasa kikawa chenyewe ndicho kinasubiri matipa! Wakaajiri madereva wengine, wale wanne wasiitwe.

Watu wakamjaza kaka Bakari maneno kwamba mdogo wake Salimu, msimamizi wa zamu, ndiye aliyepeleka jina lake. Akamfuata pale pale kazini. "Umeniuza, Salimu!"

"Wallahi kaka, sijakutaja."

Hakusadikiwa. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwao, nikijua ni hesabu yangu iliyomtoa kazini, nikanyamaza. Mpaka leo hawasalimiani.

Salimu sasa amepooza. Wiki iliyopita nilimwendea kaka Bakari, nikamwamkia shikamoo, nikamwambia twende tukamjulie hali.

"Sendi," akasema. "Yule alinikata riziki. Ndugu yangu niliyebaki naye ni weye." Akanishika mkono, nami nikashindwa hata kumtazama. Na binti yake ndiye mke wa mwanangu, jamani.

Jana nikaenda peke yangu. Salimu ulimi mzito, ikabidi niiname.

"Kaka... kasemaje?"

Sijui nini kilinipata. Nikamwambia, "Anakuja."

Akatabasamu upande mmoja wa uso, akamwambia mkewe amtafutie kanzu safi.

Nimeshaahidi, na wa kuitimiza ahadi ni mtu nisiyethubutu kumwambia ukweli. Ndugu zangu, nipeni shauri: naanzia wapi?