Jirani wa Vitunguu na Sauti Yangu

Mjukuu wangu alipokuja Karatu na kinasa sauti chake, nilidhani amekuja kunisalimia mimi. Alishuka kwenye gari la Arusha na begi mgongoni, akaniamkia vizuri, akanywa chai, kisha akatoa kwenye begi kitu cha kijivu chenye manyoya, kama mtoto wa paka. Nikarudisha miguu nyuma.

"Hakiumi, bibi. Hiki ndicho kinachosikia. Manyoya ni ya kuzuia upepo."

"Na kinasikia nini?"

"Kila kitu. Nakusanya sauti za mji."

Nikamuuliza kama kazi zimeisha Arusha. Akacheka. Akanieleza kwamba yeye na wenzake wanapiga muziki ambao haujatungwa. Wanakaa pamoja, mmoja anafungulia sauti aliyoinasa, labda ya gereji, labda ya sokoni, mwingine anaijibu kwa gitaa au kwa sufuria, wa tatu anawajibu hao wawili, na hakuna anayejua mwisho wake.

"Sasa huo ni muziki au ni kelele?"

"Ndicho tunachotafuta, bibi."

Mimi shule niliiacha mapema, nyumbani walihitaji mtu wa kuchunga. Lakini najua kwamba mtu mzima anayekusanya kelele kwa hiari yake anahitaji kula vizuri. Nikamwongezea makande.

Kuanzia kesho yake akawa wa mtaani. Alikwenda gereji wanakonyoosha springi za magari ya watalii, akarudi na nyundo. Alipanda mpaka kwenye geti la Ngorongoro, nikadhani ataniletea simba, akaniletea madereva wanagombania foleni. Kila jioni ananivalisha hedifoni na kunitazama usoni, niseme. Nilikuwa nasema, "Haya, nimesikia." Hayo yote sikuyaonea wivu. Nani ataonea wivu nyundo?

Wivu ulianza siku aliyonasa sokoni.

Nina jirani, tumepakana kwa ua wa michongoma tangu watoto wetu wakiwa wadogo. Ni mwanamke wa Kilimanjaro, alikuja huku kufuata biashara ya mume wake, na mume alipofariki akabaki na vitunguu. Analetewa na malori kutoka Baray, anavichambua sokoni, anauza. Ana mdomo ambao hata kanisani ukiimba taratibu unasikika mpaka barabarani. Sikumpenda sana, sikumchukia sana. Tulikuwa majirani.

Jioni ile mjukuu akanivalisha hedifoni, nikasikia maganda ya vitunguu yanachakarika, yanateleza, kama mvua inayoanza kwenye shamba la mahindi. Kwa kweli yalikuwa mazuri. Halafu akaingia yeye: "Njoo mama, chagua, chagua! Ukilia ni mumeo, siyo kitunguu changu!" Na kicheko kile. Na juu ya kicheko, sauti ya mjukuu wangu mwenyewe, ana furaha ambayo hajawahi kuwa nayo kwenye chai yangu: "Rudia, bibi! Rudia hivyo hivyo!"

Nikavua hedifoni.

"Umemwitaje?"

"Nani?"

"Huyo wa vitunguu."

"Bibi. Sasa ningemwitaje?"

"Mwite bibi vitunguu. Bibi yako hapa ni mmoja, ndiye huyu aliyekupikia."

Akadhani natania. Akarudi tena kwa jirani, na tena. Nikiwa nafua nawasikia ng'ambo ya michongoma, wanacheka, halafu kimya cha kunasa, halafu wanacheka. Nikawa nafua shuka moja mpaka inataka kuchanika. Nilisubiri aniombe na mimi. Sikutaka kujipeleka, mtu mzima hajipeleki. Lakini siku zake zilikuwa zinakwisha, na kila alichonasa alikuwa anakwenda nacho Arusha kuwapigia watu ukumbini. Niliona wazi kwamba mji mzima utasikika huko, nyundo na madereva na Mchaga wa vitunguu, isipokuwa mimi.

Siku moja kabla ya safari akasema, "Bibi, leo mchana nanasa hapa kwako."

Sikuonyesha chochote. Alipotoka tu nikaanza kazi. Mama yangu alitufundisha kwamba mgeni wa heshima anapokelewa kwenye nyumba iliyotulia. Nikatia grisi bawaba za mlango wa uani, maana unalia vibaya. Kuku nikawafungia. Mbwa nikampeleka kwa mwanangu. Mpangaji wangu nikamwambia redio aizime na akohoe nje. Hata mfuniko wa sufuria niliuondoa, usije ukagongagonga. Kisha nikaoga, nikavaa nguo ya kanisani, nikakaa kwenye kigoda.

Alikuja, akavaa hedifoni, akasimama katikati ya uwanja. Akageuka huku, akageuka kule.

"Bibi, mlango umekuwaje?"

"Nimeutia grisi."

"Na kuku?"

"Nimewafungia. Mbwa hayupo. Nyumba ni safi, anza."

Akachuchumaa, akacheka mpaka akafuta machozi kwa kitenge changu. "Bibi jamani. Nilikuja kwa ajili ya hivyo."

"Kwa hiyo wa vitunguu ananaswa mwenyewe, ila mimi unanasa mlango wangu?"

Kicheko kikamwisha. Akaniangalia vizuri, nadhani siku hiyo ndipo aliponiona. Akasema polepole, "Basi nionyeshe, bibi. Wewe una sauti gani?"

Nikamtolea jiwe la kusagia. Lilikuwa stoo, chini ya magunia. Tulilibeba wawili mpaka uani, nikaliosha, nikaleta ulezi kidogo, nikapiga magoti. Jiwe halisahau, lilianza kunguruma mara moja, na mjukuu akaweka manyoya yake karibu, macho yamemtoka. Nikafungua mdomo, nikaimba mstari wa kwanza kwa Kiiraqw, lugha yetu. Mstari ukatoka vizuri. Nikasubiri.

Hapakuwa na kitu.

Niwaeleze. Kwetu, wakati tulipokuwa tunasaga kwa mkono, mwanamke hakuimba peke yake. Anayesaga anatupa mstari, hajauandaa, unatoka hapo hapo: anamsema wifi yake, anajisifu, anamchokoza aliyekaa. Aliyekaa kusubiri zamu anaitikia, na katika kuitikia kwake ndipo unapopata mstari wako wa pili. Asipoitikia, umekwama, unabaki unasaga tu kama mashine.

"Endelea, bibi."

"Siwezi. Hakuna wa kuitikia."

"Niitikie mimi?"

Akajaribu, akasema "eeh" pasipo pahali pake. Mama yake alimlea Arusha kwa Kiswahili, hajui hata kuomba maji kwa lugha yetu. Lile "eeh" lilinipotezea hata mstari wa kwanza.

"Hapa mtaani nani anaweza?" akauliza.

Wenzangu niliosaga nao, wengine wamerudi Mbulu, wengine tumewazika. Nilimjua aliyebaki. Alipohamia hapa hakuwa na jiwe, na kila wakipata sherehe alikuja kwangu kusaga ulezi wa mbege, ile pombe yao ya ndizi. Alikaa kusubiri zamu, akanisikiliza, akaanza kuitikia kwa Kiiraqw cha Kilimanjaro, kibovu, lakini hakuwahi kuchelewa.

Nilitamani kusema hakuna. Mjukuu angefunga begi, yangekwisha. Nikainuka na unga magotini, nikapita kwenye upenyo wa michongoma.

Alikuwa anafunga gunia. "Dada! Umevaa ya kanisani, nani amefariki?"

"Hakuna. Acha hilo gunia, njoo uniitikie."

"Kwenye nini?"

"Kwenye jiwe."

Akanyoosha mgongo. "Miaka yote hii hata chai hunikaribishi. Leo jiwe."

"Unakuja au huji?"

"Nakuja. Tangu asubuhi kwako kimya, nikasema yule leo ana jambo."

Akaja, akakaa kwenye kigoda changu bila kukaribishwa. Nikasaga. Nikaimba juu ya mwanamke aliyeshuka mlimani na kikapu, akatega wajukuu wa watu kwa maganda. Kabla sijavuta pumzi akaitikia: yuko mwingine aliyewafungia kuku wake ili awike mwenyewe. Kumbe aliniona! Nikamjibu, akanijibu. Mjukuu wangu haelewi neno hata moja, lakini alikuwa ameshika mdomo asicheke, na kifaa chake kinatufuata kila upande. Jasho lilinitoka. Mistari ilikuja ambayo sikujua kama ninayo.

Halafu mikono ikachoka, na jirani akafanya ilivyo desturi. Alinisukuma kwa bega, akapiga magoti, akachukua jiwe. Sasa msagaji ni yeye. Akatupa mstari wake, mzuri, na ule mdomo wake, na mjukuu wangu akageuza manyoya yote kwake, akainama, amenipa mgongo.

Jirani akasubiri kuitikiwa.

Niliwaza jambo moja tu pale. Kama mimi nilivyokwama, na yeye atakwama. Sihitaji kugombana, sihitaji kusema neno. Ninyamaze tu, jiwe lingurume bure, na Arusha wataisikia sauti yangu ikiwa ya mwisho. Alijua ninachowaza. Aliniangalia kwa chini huku anasaga, hakuniomba.

Nikaona unga unatoka mzuri. Nikaona mikono yake imezeeka kama yangu. Na bado nilikuwa na wivu, msidhani uliniisha.

Nikasogeza ndoo, nikaikalia katikati yao, mbele kabisa ya kile kinasa sauti, nikamwitikia kwa sauti yote niliyonayo.