Rangi ya Dada Somoe

Harufu ya mkorogo haijanitoka puani. Ni ya sabuni kali na manukato ya bei rahisi, na chini yake kuna kitu kama nywele zilizoungua. Nikiinusa leo kwa abiria aliyekaa karibu yangu, narudi Mbekenyera, kwenye chumba nilicholala na dada yangu Somoe.

Somoe alikuwa mweusi wa kung'aa, kama baba. Kaka yetu Bakari alimzidi kwa weusi, ila kwake ile ilikuwa rangi tu. Kwa Somoe ilikuwa balaa. "Huyu nitampa nani?" mama alizoea kusema mbele ya wageni, huku akicheka. Wageni nao walicheka. Somoe alicheka pia, halafu akaingia ndani kuwaletea maji.

Akaja mchumba, fundi cherehani wa Nachingwea. Baada ya posa akaanza kusema angependa mke wake atakate rangi kidogo. Somoe akanunua mkorogo wa kung'arisha ngozi gulioni, akawa anajipaka kila jioni. Mimi nilimpaka mgongoni, pale mikono yake isipofika. Msimu wa korosho ulipoanza, uso wake ulikuwa kama papai lililoiva, ila vifundo vya vidole vilikataa, vikabaki vyeusi. Jua la shambani lilimchoma hata akawa anaokota korosho kajifunika kanga usoni.

Siku moja mama alimshika kidevu, akamgeuzia kwenye mwanga.

"Sasa umekuwa mtoto mzuri," akamwambia.

Siku ile Somoe alipika huku akiimba.

Mwishowe yule fundi akaoa msichana mwingine, wa Ruangwa mjini. Nikadhani mambo ya mkorogo yamekwisha.

"Si ameshaenda zake, dada?" nilimwuliza.

"We nipake tu," akasema, akanigeuzia mgongo.

Hakuacha. Hospitali walimkataza, akajaribu kuacha. Weusi ukarudi kwa mabaka, akaanza tena. Sasa anaishi na mama, ngozi imekuwa nyembamba, kidonda kidogo cha mguuni kinakaa msimu mzima bila kufunga. Mchana hatoki. Mama bado anamlaani yule fundi.

Nami nilimlaani miaka mingi. Nimekuja kuelewa nikiwa na binti zangu mwenyewe: katika maisha yake yote, mama aliusifu uso wa Somoe mara moja tu, na haukuwa ule aliozaliwa nao.