Matroni Anayekagua Kamba za Nguo

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu bado umelalia mapaa ya hosteli ya wasichana, na Klara Shemhilu anakagua nguo zisizo zake. Anashika pindo la gauni, anaachia. Anageuza taulo. Anafika kwenye dera la kijani, anasimama.

"Hili lipo hapa tangu Jumatatu," anasema. Leo ni Alhamisi.

Mwandishi wa makala haya alifika katika chuo hiki cha milimani, wilayani Lushoto, kuona wanafunzi wanavyolelewa hosteli, akitarajia kuonyeshwa ofisi na mafaili. Kumbe ofisi yenyewe ni kamba sita za kuanikia, na mwenye ofisi ni mama wa miaka 59, mzaliwa wa Rangwi, matroni wa wasichana 212.

"Huku nguo haikauki kwa siku moja, kwa hiyo mwenye nguo huja kuipapasa asubuhi na jioni," anaeleza. "Asipokuja, ujue hatoki chumbani. Sasa kwa nini hatoki? Hapo ndipo kazi yangu inapoanzia."

Si angeianua tu akampelekea mwenyewe? Uso wa Klara unabadilika.

Miaka tisa iliyopita, kanga ya mwanafunzi mmoja ilikaa kambani siku tano. Klara akaianua, akaikunja vizuri, akaiweka kabatini akisubiri mwenyewe aje kuiulizia. Hakuja. Alikuwa amejifungia na majonzi yake, na Jumamosi akabeba begi, akarudi kwao, akaacha chuo.

"Nilikunja kanga nikajiona mwema. Mtu mwenyewe sikwenda kumtazama," anasema, machozi yakimlengalenga.

Safari hii dera analiacha palepale. Anapanda ghorofani, anabisha hodi chumba cha mwisho.

"Shikamoo mama," anaitikia Hidaya, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kutoka Kilwa. Begi lake lipo mlangoni, limefungwa. Anaondoka kesho.

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Hajala tangu jana. Baridi imemshinda. Isitoshe, wenzake watatu wa chumbani wakinogewa na mazungumzo huhamia Kishambaa bila kujijua, naye hubaki anatazama ukuta.

"Hawanichukii," anasema. "Wananisahau tu."

Klara hamsihi abaki chuoni. Anamwomba avumilie mpaka Jumapili, akashinde kwa Mwanaidi, mkulima wa mboga wa kijiji jirani. Mwanaidi ni mmoja wa akina mama kumi na wanne waliokubali ombi la Klara la kupokea wanafunzi wageni.

Jumatatu mwandishi alirudi, udadisi umemjaa. Hidaya alikuwepo. Kwa Mwanaidi alimenya viazi, akafunga mafungu ya karoti za kupelekwa sokoni Soni, akafundishwa salamu za Kishambaa.

"Nilivyozitamka walinicheka, hadi mimi mwenyewe nikacheka," anasema. "Ila begi sijalitoa vitu vyote. Nitakaa mpaka mtihani wa kwanza, halafu nitaona."

Klara anastaafu mwakani. Ameomba kila ghorofa iwe na wanafunzi wawili wa kuwaangalia wenzao, kazi isije ikaondoka naye. Jina la kwanza kwenye orodha yake ni la Hidaya.

Lakini Hidaya si hajaamua hata kubaki?

"Najua," anasema Klara. "Wengine itabidi niwafundishe. Yeye anajua siku nne bila mtu kukujulia hali zina urefu gani."