Nyanya za Meli

Kisiwani kwao hata kitunguu hupanda meli, na mjane mmoja mkulima alikuwa amechoka kushindana na meli. Kila alfajiri alimwagilia nyanya kwa ndoo huku mgongo ukimlalamikia. Sokoni wateja wakazipita, wakafuata zile za makatoni zilizoletwa na meli. "Zako zimekaa kishamba mno, dada," walimwambia bila haya.

Basi akafanya ujanja. Akaokota makatoni matupu nyuma ya maduka, yale yenye picha ya nyanya na maandishi asiyoyajua mtu. Akazifuta nyanya zake kwa kitambaa, akazipanga humo vikonyo chini, akanyamaza. Haukupita muda zikawa zinagombewa. Alicheka siku ile, kisha akaona uchungu.

Ujanja huohuo ukamgeuka. Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, karani wa bandarini mwenye mdomo usiochoka, alikuja kula chakula cha mchana na kumshawishi mama yao. Shamba alilolima mjane lilikuwa la mama huyo, na neno la mwisho lilikuwa lake.

"Mama, dunia imebadilika," alisema akichovya tonge kwenye mchuzi wa nyanya. "Shemeji mwenyewe siku hizi anauza nyanya za meli. Kama yeye kalikimbia shamba, sisi tunaling'ang'ania la nini? Tujenge hapo ghala la mizigo ya meli. Na hizi, shemeji, ndizo nyanya! Siyo yale mambo yako ya zamani."

Mama mkwe akamgeukia mjane, akangoja. Akisema ukweli, kesho soko zima litajua, na wateja watamkimbia. Akinyamaza, shamba limekwenda.

"Hizo ni za shambani," alisema. "Zote ninazouza ni za shambani. Cha meli ni katoni tu."

Shemeji akashusha tonge. "Ndiyo maana," alisema polepole. "Nilihisi zina udongo udongo."

Mama mkwe alicheka mpaka akapaliwa, akasogeza bakuli. "Niongeze, mwanangu. Na wewe, ghala kalijenge ukweni kwako."

Yakaishia hapo. Mjane alikusanya vyombo, akangoja furaha ije, haikuja. Maana, Mungu amsamehe, muda wote ule mgongo wake ulikuwa unaomba kimyakimya mama akubali kujenga. Akanawa mikono, akatoka nje kutazama kama ndoo ziko mahali pake.